Kigumu Kuliko Chuma, na Kiswahili Chakisema

Kuna usemi uliozagaa hapa shuleni ati Kiswahili ni cha mashairi tu, sayansi ikija kikae nje. Mimi sikubali hata kidogo. Hebu nichukue kitu kigumu, kigumu kwelikweli, tuone kama lugha itakwama.

Boroni ni elementi ya tano katika jedwali. Tunaikariri kisha tunaikimbia kana kwamba haina kazi. Kumbe ikiungana na titaniamu huzaa titaniamu diboridi, kauri ya kijivu inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,200 hivi za Selsiasi. Chuma chenyewe huyeyuka kwa nyuzi 1,538! Kauri hii ni ngumu kuliko chuma kwa mbali, na bado ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.5, ilhali ya chuma ina gramu 7.9. Ajabu zaidi, hupitisha umeme. Chungu cha nyanya hakifanyi hivyo.

Sasa, kuitengeneza ndiyo kazi. Kuiyeyusha na kuimimina ni shida, maana ni kalibu gani itavumilia moto huo? Basi huanza na unga, ukapashwa joto hadi punje zishikane bila kuyeyuka. Lakini atomi zake zimefungana kwa nguvu mno hata hazitaki kuhama, nazo zisipohama, vitundu vilivyo kati ya punje havizibiki. Tena kila punje imevaa utando mwembamba wa oksidi unaozuia kushikana. Ukiongeza moto ovyo, punje hunenepa na vitundu hufungiwa ndani. Kitundu kikiachwa huweza kuwa mwanzo wa ufa, na kauri haipindi, hupasuka. Ndiyo maana unga hushindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya grafaiti, huku ukipashwa nyuzi 1,800 na zaidi. Wengine hutia nikeli kidogo, inayoyeyuka mapema na kurahisisha safari ya atomi. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya mkato, kwa sababu kipande hicho kikirudi motoni, nikeli ndiyo hulegea kwanza.

Wa kuuliza ‘yatuhusu nini?’ hawakosi. Ule mng'aro ulio ndani ya pakiti ya krispi ni aluminiamu. Huvukizwa kwenye vibakuli vya kauri hii iliyochanganywa na boroni nitridi, halafu mvuke ukaganda juu ya plastiki.

Je, nimekwama wapi? Mtasema ‘atomi’ ni neno la kukopa. Si Waingereza nao walilitoa kwa Wagiriki? Naomba chama chetu na kile cha sayansi tukutane Ijumaa moja muhula ujao. Mada ya kwanza niko tayari kuitoa mimi, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na maswali ya Kemia nitayajibu papo hapo.