Wamsifu Daktari, Wamficha Mshtakiwa

Mara nyingi tumesikia habari za Daktari Rukhmabai zikisimuliwa mbele ya wasichana wa shule. Husimuliwa hivi: palikuwa na binti katika mji wa Bombay, katika Bara Hindi, aliyependa vitabu, akajifunza kwa bidii, akavuka bahari mpaka London, akahitimu udaktari mwaka 1894, akarudi kwao akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi yake kuifanya kazi hiyo, akawatibu wanawake wenzake miaka mingi. Basi ninyi nanyi, enyi wasichana, someni kwa bidii. Wasichana hupiga makofi, na wazee waliokaa viti vya mbele hutikisa vichwa kwa kuridhika.

Habari hiyo si ya uongo, ila imekatwa kichwa. Maana kabla ya London palikuwa na baraza la hukumu, na kabla ya cheti cha udaktari palikuwa na tishio la kifungo cha miezi sita. Nasi twasema wazi ya kwamba mtu amsifuye Rukhmabai kwa udaktari wake, huku akinyamaza juu ya kukataa kwake, hamsifu hata kidogo. Anamtumia tu.

Na tuanze panapostahili. Rukhmabai alizaliwa mwaka 1864. Mama yake, Jayantibai, aliolewa akiwa na miaka 14, akamzaa akiwa na miaka 15, akafiwa na mume akiwa na miaka 17. Walikuwa watu wa jamii ya maseremala, ambao desturi yao haikumkataza mjane kuolewa tena. Hivyo Jayantibai akaolewa na daktari mmoja mwenye elimu kubwa, Sakharam Arjun, na mali ya marehemu ikawekwa kwa jina la mtoto. Msomaji aikumbuke mali hiyo.

Binti alipotimiza miaka 11 akaozwa kwa kijana wa miaka 19, Dadaji Bhikaji. Mapatano yalikuwa kwamba kijana akae kwa wakweze, asomeshwe, awe mtu wa maana. Yule daktari, baba wa kambo, hakukubali mtoto akabidhiwe kwa mume kabla ya wakati, maana alijua kwa elimu yake mambo yanayoupata mwili wa mtoto. Lakini Dadaji hakupenda kusukumwa shuleni. Akaacha masomo, akaugua, akaenda kukaa kwa mjomba wake, akaingia katika madeni. Binti naye, ambaye shule aliiacha, aliketi nyumbani akisoma vitabu vya maktaba ya misheni ya Free Church. Sisi tusomao kurasa zilizopigwa chapa na misheni huenda tukafurahi kusikia hayo. Lakini tusijivune upesi, kwa kuwa tutaukuta upande wa pili punde si punde.

Mwaka 1884 Dadaji akampelekea notisi kwa mkono wa mawakili: njoo ukae nami. Ilikwisha pita miaka kadhaa tangu waozwe, wala hawakuwa wamekaa pamoja kama mume na mke hata siku moja. Rukhmabai akajibu kwamba haji. Ndipo Dadaji akaenda katika Baraza Kuu la Bombay kudai arudishiwe haki zake za ndoa.

Hakimu wa kwanza, Pinhey, alitoa hukumu mwaka 1885. Alisema kwamba mwanamke huyu aliozwa akiwa mtoto asiyejiweza. Kwamba lingekuwa jambo la ukatili kumshurutisha kwenda kwa mtu asiyemtaka. Na kwamba madai ya namna hii hayana asili katika sheria ya Wahindu. Dadaji akashindwa. Magazeti yakawaka moto. Mwaka 1886 mahakimu wa rufani wakaitengua hukumu ile, wakaamuru shauri lisikilizwe upya. Mwezi wa Machi 1887 hakimu Farran akaamua: katika muda wa mwezi mmoja Rukhmabai aende kwa mumewe, la sivyo afungwe miezi sita.

Naye akajibu kwamba yuko tayari kufungwa.

Hapa ndipo wenzetu wasimuliaji wanaponyamaza, na tunajua sababu zao, kwa kuwa wametueleza barazani na hata chini ya miti baada ya ibada. Wa kwanza husema: ahadi ya ndoa ni ahadi, na aliyeivunja asiwekwe mbele ya watoto kuwa mfano. Twamwuliza ndugu huyo: ni nani aliyeahidi? Sisi tuliooana kanisani tunajua kwamba kasisi humwuliza kila mmoja, mume na mke, tena kwa sauti, mbele ya mashahidi, na jibu la mmoja halimtoshi mwenzake. Kwa nini tunaulizwa, kama jibu letu si kitu? Rukhmabai alikuwa na miaka 11. Hakuvunja ahadi, kwa maana ahadi yake haikuwapo; palikuwa na ahadi ya wakubwa, nao wakubwa wenyewe mapatano yao na Dadaji yalikwisha vunjika, na aliyeyavunja si binti.

Wa pili husema: alidharau desturi za wazee wake. Neno hili ndilo kubwa, nasi tutakaa nalo kidogo. Yale madai ya kurudishiwa haki za ndoa hayakuwa desturi ya Bara Hindi. Yalitoka Uingereza, tena yalizaliwa katika mabaraza ya kanisa ya nchi ile, yaliyokuwa yakihukumu mambo ya ndoa zamani. Waingereza wakayachukua wakayapanda katika Bara Hindi pamoja na mahakimu wao. Na mwaka ule ule wa 1884, Rukhmabai alipopelekewa notisi, Bunge la Uingereza lilikuwa likiiondoa kwao adhabu ya kufungwa kwa mtu anayekataa amri ya namna hiyo. Mwanamke wa London hakuweza kufungwa tena kwa kosa hilo. Mwanamke wa Bombay aliweza. Mkuki kwa nguruwe! Basi desturi iko wapi hapo? Fimbo ilikuwa ya mgeni, na ilikuwa fimbo ambayo mgeni mwenyewe alikwisha itupa nyumbani kwake. Na sisi Wakristo, tuliofurahi juu ya vitabu vya maktaba, tukubali pia kwamba fimbo hiyo ilichongwa katika baraza la kanisa.

Palikuwa na mtu mashuhuri wa Poona, Bal Gangadhar Tilak, ambaye baadaye alipigania sana uhuru wa nchi yake. Gazeti lake la Mahratta lilimlaumu hakimu Pinhey kwamba hakuielewa roho ya sheria za Wahindu. Hata mwaka 1891, serikali ilipotaka kupandisha umri wa binti kukaa na mume kutoka miaka 10 mpaka 12, Tilak alipinga, akisema serikali ya kigeni isitie mkono katika mambo ya nyumba za Wahindu. Neno hilo lina uzito, na mtu yeyote ambaye watu wake wametawaliwa na wengine hawezi kulicheka. Lakini na lipimwe kwa mizani ile ile pande zote. Dadaji alipokwenda katika baraza hilo hilo la kigeni, kwa sheria hiyo hiyo ya kigeni, kumshurutisha mwanamke, wapinzani wa Pinhey hawakupiga kelele kwamba mgeni ameingia nyumbani. Mgeni alikuwa mbaya alipomwacha binti, akawa mwema alipomshika. Hiyo si kulinda desturi. Ni kulinda mkono ulioshika.

Na ile sheria ya mwaka 1891 haikuletwa na maneno matupu ya waandishi. Mwaka uliotangulia, huko Calcutta, mtoto aitwaye Phulmoni, wa miaka 10 au 11, alikufa kwa majeraha aliyoyapata kwa mumewe, ambaye alikuwa mtu mzima kabisa. Daktari Sakharam Arjun hakuwa mwoga asiye na sababu.

Wa tatu husema kwa sauti ya chini, kwa kuwa anajua tunafundisha shule: vitabu ndivyo vilivyompotosha. Huyu hatutamjibu kwa maneno mengi. Katika nyumba ile walikuwa vijana wawili. Mmoja alisoma vitabu, mwingine akavikimbia. Mmoja akawa daktari wa wanawake, mwingine akawa mdai wa mali na mke kwa pamoja. Ajabu ni kwamba hatujapata kumsikia mtu akisema kuwa ukosefu wa vitabu ulimpotosha Dadaji.

Kifungo chenyewe hakikuja. Katika mwezi wa Julai 1888 pande mbili zilipatana: Dadaji alipwe rupia 2,000, naye aache kudai amri itimizwe. Mwaka uliofuata akaoa mke mwingine. Msomaji anayeikumbuka mali ya marehemu atapima mwenyewe rupia hizo zilikuwa zinalipia nini.

Sasa ndipo linapokuja lile fungu wanalolipenda wasimuliaji. Edith Pechey, daktari mwanamke wa Kiingereza aliyeongoza Hospitali ya Cama huko Bombay, alimtia moyo na kumsaidia kutafuta fedha. Mwaka 1889 Rukhmabai akaondoka kwenda London, katika chuo cha udaktari cha wanawake. Alipohitimu akarudi, akapewa kazi katika hospitali ya wanawake ya Surat. Baada ya miaka zaidi ya ishirini akaenda Rajkot, akafanya kazi huko mpaka alipostaafu. Kazi yake kwa jumla ilikaribia miaka 35. Wanawake wengi wa nchi ile walikuwa wakikaa nyuma ya pazia, wasionwe na mwanamume asiye wa nyumba yao, hata akiwa daktari. Wako waliokubali kufa kuliko kuonwa. Kwao daktari mwanamke hakuwa pambo la maendeleo. Alikuwa ndiye daktari pekee.

Tena mwaka 1904 Dadaji alipokufa, Rukhmabai alivaa sari nyeupe ya wajane. Wengi wakisikia hayo hushangaa, na wengine hushangilia wakisema: mwaona, mwisho alitubu. Sisi hatutamtungia sababu. Tunaona neno moja tu, kwamba safari hii hapakuwa na notisi ya wakili wala hakimu wala tishio la jela. Nguo aliichagua mwenyewe. Na anayedhani kwamba alitubu na atueleze kwa nini mwaka 1929, mwanamke wa miaka zaidi ya 60, alitoa kitabu kidogo kutaka ile desturi ya pazia iondolewe. Hakuolewa tena, akafa mwaka 1955 akiwa na miaka 90.

Basi tuurudie ule mwezi wa Machi 1887. Kama angetii, angekwenda kukaa katika nyumba ya mjomba wa Dadaji, na huko pasingefika barua yoyote kutoka chuo cha London. Bidii ya masomo alikuwa nayo tayari tangu siku za vitabu vya maktaba. Bidii hiyo isingemwokoa. Kilichomfikisha Surat ni kwamba alipoambiwa uende au ufungwe, alichagua kufungwa. Hatuwezi kumtaka daktari na tukamkataa mshtakiwa, kwa kuwa ni mtu mmoja.

Na tukisema hivyo hatuwasemi wazee wa viti vya mbele peke yao. Sisi walimu tuna daftari la mahudhurio. Kila asubuhi twaita majina, na liko jina ambalo siku moja haliitikiwi, wala siku ya pili, wala juma zima. Mwisho twaandika mbele yake neno "amehama". Tumepata kuandika neno hilo kwa mkono wetu huku tukijua kwamba hakuhama. Nyumba ya babake inaonekana kutoka dirisha la darasa, na mbuzi wa mahari wamefungwa uani. Hatukwenda kubisha hodi. Tulisema moyoni ya kwamba hayo ni mambo ya jamaa. Kisha, siku ya sherehe ya shule, tukasimama tukasimulia habari za binti wa Bombay aliyependa vitabu, na kiti cha yule mwingine kilikuwa kitupu mbele yetu.

Twajua ya kuwa wako watakaoudhika. Gazeti hili lina nafasi, na mwenye kuona tumekosa na aandike. Ila twamwomba jambo moja, kwamba aanze habari yake katika mwaka 1887, asituanzie katika 1894.