Chanjo Haifuti Maambukizi ya Zamani



Siku ya chanjo ya wasichana, mama mmoja alimleta binti yake zahanati. Binti alikuwa na miaka 12. Alichomwa sindano 1 begani, akapumzika kidogo, akarudi shule. Mama hakuondoka. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, nami nichomwe? Mimi niliwahi kukutwa na hao virusi."

Nilimwuliza habari zake. Zamani alipimwa hospitali, akakutwa na mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Alipewa tiba mgando, akaambiwa arudi kupimwa baada ya mwaka 1. Hakurudi. Sasa alifikiri chanjo itamaliza kazi iliyobaki.

Akina mama wengine wa milimani Mbinga, na wa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaweza kuwa na swali kama hilo. Leo nalijibu.

Kwanza tuujue ugonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi, wake kwa waume, huvipata wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe katika muda wa miaka 2. Kwa wanawake wachache virusi hubaki. Hukaa kimya, bila maumivu. Saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kutokea. Basi mwanamke anayekutwa na virusi leo huenda alivipata zamani sana. Mume asimgombeze mkewe, wala mke asimshuku mumewe.

Chanjo inafanya kazi gani? Chanjo huzuia virusi kabla havijaingia. Haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia. Haiponyi saratani. Mkulima wa kahawa analijua jambo hili. Dawa ya chulebuni hupigwa kabla tunda halijaoza. Tunda lililokwisha kuoza haliponi.

Ndiyo maana Serikali imeanza na mabinti. Chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, sindano 2. Mwaka 2024 ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sindano 1. Haina malipo.

Je, mtu mzima aliyewahi kuambukizwa atadhurika akichanjwa? Hapana. Virusi hivi vina aina nyingi. Chanjo inaweza kumkinga na aina ambazo bado hajazipata. Marekani, kwa mfano, inaruhusu chanjo hii hadi miaka 45. Lakini faida yake kwa mtu mzima ni ndogo kuliko kwa binti. Na chanjo zinazoletwa zahanati zetu zimepangwa kwa ajili ya mabinti.

Na yule aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14? Leo ni mtu mzima, pengine ana mtoto mgongoni. Hana haja ya kuchanjwa tena. Hata kama alipata sindano 1 tu, asihangaike. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa umri ule sindano 1 inaweza kutosha. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aulize kliniki yake, kwa sababu yeye huhitaji sindano zaidi ya 1.

Maoni yangu ni haya. Mama mwenye miaka 30 hadi 50 asipoteze siku zake akitafuta sindano. Aende kupimwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema, akiwa na miaka 25. Hata aliyechanjwa apimwe umri ukifika, kwa sababu chanjo haikingi aina zote.

Kipimo cha siki ni cha dakika chache. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, kisha hutazama. Sehemu yenye mabadiliko huonekana nyeupe. Mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Usingoje dalili. Lakini ukitokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, au ukitokwa uchafu wenye harufu mbaya, nenda hospitali mara moja.

Yule mama nilimwambia: "Mama, sindano hii ni ya binti yako. Kazi yako wewe ni kurudi kupimwa." Aliinamisha kichwa. Akasema shida yake ni nauli, na siku ya kuacha shamba.

Hapo nasema na akina baba. Ndugu, ukiuza kahawa au dagaa, tenga nauli ya mkeo. Siku hiyo wewe baki na watoto. Siku 1 ya shamba haiwezi kuwa kubwa kuliko uhai wa mama wa nyumba yako. Na viongozi wa kijiji walitaje jambo hili kwenye mkutano, waziwazi, bila aibu.

Binti achanjwe. Mama apimwe. Aliyeambiwa arudi, arudi. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kwa aliyekwisha kuambukizwa, kinga yake ni kipimo.