Haki ya Jeneza Tunaitimiza, ya Mgonjwa Je?



Hapa Kyela kila mtu ana haraka. Mpunga ukiiva tuko mashambani, kakao ikikomaa tuko kwenye mizani, siku nyingine tuko mpakani Kasumulu na mizigo. Riziki ni lazima itafutwe, sikatai. Lakini hebu tujiulize, mara ya mwisho kukaa na jirani mgonjwa ilikuwa lini?

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja haki tano za Muislamu kwa mwenzake: kumrudishia salamu, kumtembelea akiugua, kulifuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake na kumuombea rehema akipiga chafya. Ya jeneza tunaitimiza vizuri sana. Maduka hufungwa, pikipiki hujaa njiani.

Nisiwaseme wengine. Mzee aliyenifundisha alifu na be, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliugua miezi miwili. Nyumba yake iko kwenye njia ninayopita kila siku. Nikiwa juu ya pikipiki nilimpigia honi, yeye akanipungia mkono kutoka barazani, nami nikajihesabia kuwa nimemjulia hali. Siku ya maziko yake nilipata nafasi tangu asubuhi hadi Alasiri. Nafasi hiyo ilikuwa wapi siku zote zile?

Basi kila Alhamisi darasa langu litafungwa nusu saa mapema. Wazazi, mtoto asipofika nyumbani mapema msimgombeze. Atakuwa kwa mgonjwa wa jirani. Mkiweza, mfuateni huko huko.