Viatu vya Magurudumu Visiingie Kwenye Umati



Ufuta ukishauzwa, nyumba nyingi za huku kwetu Kikole na Kilwa kwa jumla hupata nafasi ya kumnunulia mtoto kitu alichokiomba mwaka mzima. Zamani kitu hicho kilikuwa mpira au baiskeli. Siku hizi wapo wanaoomba viatu vya magurudumu. Huja ndani ya marobota ya mitumba, hupatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, au huletwa na mjomba anayefanya kazi mjini. Viko vya namna mbili. Kuna vyenye magurudumu manne chini ya soli, ambayo hupangwa mawili mawili au kwa mstari mmoja. Kuna pia vinavyofanana na raba za kawaida, ila kisiginoni vina gurudumu. Mtoto hutembea navyo kama kawaida, kisha huinua vidole, huegemea kisigino na kuteleza.

Swali ambalo wazazi huniuliza ni hili: je, mtoto avae viatu hivi anapopelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Ngongo, Lindi, au kwenye viwanja vya burudani Dar es Salaam, au siku ya Idd na Krismasi watu wanapojaa? Jibu langu ni hapana. Mtoto na acheze na magurudumu yake, lakini mahali pake na kwa saa yake. Penye umati avue. Naomba nieleze kwa nini.

WEMBE HUKATA NANI?

Baba mmoja alinijibu kwa methali tunayoijua sote: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake ni kwamba akishajikata atajifunza. Methali hiyo ina hekima yake pale ambapo anayeumia ni yule aliyelia. Kwenye umati mambo ni tofauti.

Tuliwahi kumpokea bibi mmoja aliyekwenda kuuza mikeka yake ya ukindu kwenye mkusanyiko wa sikukuu. Mtoto wa miaka tisa, aliyekodishiwa viatu vya magurudumu kwa nusu saa, alishindwa kusimama akamgonga kwa nyuma. Mtoto alichubuka goti. Bibi alivunjika mfupa wa nyonga. Kwa mtu mzima wa umri ule, mfupa wa nyonga si jambo la wiki sita. Kulala kitandani muda mrefu huleta vidonda vya mgandamizo, nimonia na damu kuganda miguuni. Bibi yule alirudi nyumbani akitembelea fimbo mbili, na mikeka hakusuka tena kwa wingi kama zamani. Mtoto alilia wembe, bibi ndiye aliyekatwa.

Ndiyo maana nasema kwamba suala hili haliishii kwenye mguu wa mtoto. Kwenye umati wamo wajawazito, wamo wazee, wamo akina mama wenye watoto mgongoni, wamo vipofu na wenye magongo. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali hatari hiyo.

MTOTO HUANGUKAJE?

Anayetembea kwa miguu akijikwaa, huwa na hatua moja ya kujiokoa. Aliye juu ya magurudumu hana hatua hiyo. Viatu vyenye gurudumu kisiginoni humlazimisha mtoto kuegemea nyuma, na gurudumu likinaswa na kokoto au ufa wa saruji, huanguka chali au upande. Kwa silika hunyoosha mkono ili ajizuie, na uzito wote wa mwili hushuka juu ya kiganja. Hivyo mifupa inayovunjika zaidi ni ile ya karibu na kifundo cha mkono, kisha kiwiko. Asipowahi kunyoosha mkono, kinachopiga chini ni kisogo.

Viatu vya gurudumu la kisiginoni vilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000, vikaenea Ulaya haraka. Katika likizo ya kiangazi ya mwaka 2006, madaktari wa hospitali ya watoto ya Temple Street mjini Dublin, Ireland, waliwahesabu watoto walioumia mifupa na viungo kwa sababu ya viatu hivyo na vya namna hiyo. Katika wiki 10 walipata watoto 67. Wengi waliumia mikono, na wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Madaktari hao walishauri mambo mawili: mtoto asimamiwe kwa karibu hasa anapojifunza, na avae vikinga wakati wote.

Tazama basi jinsi tunavyofanya sisi. Mtoto wa kijijini hukutana na viatu hivi kwa mara ya kwanza palepale kwenye sikukuu, kwa kukodi, katikati ya watu, bila kofia ngumu wala kikinga cha kiganja. Siku yake ya kwanza kujifunza ndiyo siku yenye watu wengi kuliko zote. Tumeigeuza nasaha ya madaktari juu chini.

Wala jambo hili si geni. Inasimuliwa kwamba karne ya 18 mjini London, fundi wa saa na ala za muziki aitwaye Joseph Merlin aliingia kwenye karamu iliyojaa watu akiwa amevaa viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe, huku akipiga fidla. Hakuwa na njia ya kusimama wala ya kukata kona, akaenda kukivaa kioo kikubwa cha thamani, akakivunja na kujiumiza vibaya. Viatu vimeboreshwa tangu siku hizo, lakini umati haujabadilika.

UMATI WA KWETU UNA MOTO

Wako watakaosema kwamba watoto wa Ulaya na Marekani wanavaa, kwa nini wa kwetu wanyimwe? Jibu ni kwamba hata huko, kwenye msongamano, wanakatazwa. Bustani kubwa za burudani za Disney nchini Marekani, zenye njia pana na sakafu laini, haziruhusu wageni kuingia na viatu vyenye magurudumu. Mwenye sakafu nzuri amekataa. Sisi wenye mchanga, mizizi na mashimo tunaruhusu kwa hoja gani?

Tena umati wa kwetu una jambo ambalo bustani zile hazina. Kwenye maonyesho, minada na sikukuu zetu, vyakula hupikwa chini, pembeni mwa njia. Pana karai la mafuta ya kukaangia samaki na mihogo. Pana sufuria la uji juu ya mafiga. Pana jiko la mkaa la mishikaki. Vyote viko usawa wa goti la mtu mzima, yaani usawa wa kifua cha mtoto aliyeanguka. Mfupa uliovunjika, Mungu akijalia, huunga. Ngozi iliyoungua kwa mafuta huacha makovu yanayokaza kiungo, na mtoto huishi nayo maisha yake yote. Na anayeweza kumwagikiwa si mwenye viatu peke yake, bali pia mama muuza mihogo na mtoto wake aliyekaa karibu.

Hatari nyingine ni lami. Magurudumu hayaendi kwenye mchanga wa Kikole, kwa hiyo mtoto mwenye viatu hivi hutafuta penye laini. Huku kwetu palipo laini ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, inayopita Somanga na Nangurukuru, yenye malori na mabasi. Mzazi anayemnunulia mtoto viatu hivi bila kumwonyesha mahali pa kuchezea, amemwonyesha barabara hiyo bila kujua.

SISEMI WATOTO WASICHEZE

Kuna wazazi wanaoogopa kila kitu. Sipendi kuwaongezea hofu. Mtoto asiyekimbia, asiyepanda mti na asiyeanguka hata kidogo hakui vizuri. Magurudumu hufundisha kusimama wima, kutumia misuli na kuwa jasiri. Jirani zetu wameonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2006, eneo la Kitintale jijini Kampala, vijana walijenga kiwanja chao cha saruji kwa ajili ya mbao za magurudumu. Jijini Nairobi, kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakikutana Jumapili kwenye uwanja wa kuegesha magari uitwao Sunken Car Park, siku ambayo magari ni machache. Wote hao walipata kitu kilekile: mahali pasipo na wapita njia.

Wengine husema, "Mwanangu ni fundi, hawezi kuanguka." Huenda ni kweli. Lakini ufundi wake haumzuii mtoto mdogo kukatiza ghafla mbele yake akikimbilia puto. Fundi wa magurudumu naye anahitaji nafasi ya kusimamia, na kwenye umati nafasi hiyo haipo.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi na walezi:

1. Siku ya maonyesho au sikukuu, mtoto avae viatu vya kawaida. Vile vya kisiginoni ambavyo gurudumu lake hutolewa, litoeni na kuliacha nyumbani, lisiwe mfukoni mwake.

2. Ajifunze akiwa na mtu mzima karibu, kwenye sakafu ya saruji iliyofagiwa. Kiwanja cha shule siku ya Jumamosi asubuhi au uwanja wa ukumbi wa parokia usipokuwa na shughuli vinatosha. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu au kwa paroko.

3. Avae kofia ngumu kichwani, na vikinga vya viganja, viwiko na magoti. Kama fedha hazitoshi viatu pamoja na vikinga, basi hazijatosha viatu.

4. Afundishwe kusimama kabla ya kufundishwa kwenda kasi.

Kwa waandaaji wa maonyesho, minada na sherehe, zikiwemo sherehe zetu za parokia: anayetaka kukodisha viatu vya magurudumu apewe eneo lake lililozungushiwa kamba, mbali na majiko na mbali na njia, akiwa na vikinga na msimamizi. Asiyeweza kutimiza hayo asiruhusiwe. Mtu anapokea fedha kwa nusu saa, halafu hospitali na familia zinabeba mzigo kwa miezi. Si haki.

AKIANGUKA

Kwa kuwa hata penye uangalifu ajali hutokea, yashikeni haya:

Mkono uliovimba, uliopinda, au ambao mtoto hataki kuutumia, uhesabuni kuwa umevunjika hadi picha ya eksirei ionyeshe vinginevyo. Usiukande kwa maji ya moto, usiuvute, usiupake dawa za kusugua. Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi, waweza kupinda na kupasuka upande mmoja bila kukatika, na mtoto akawa bado anachezesha vidole. Tena karibu na kiungo kuna sehemu ambayo mfupa hukulia. Ikiumia na kuachwa, mkono waweza kukua ukiwa mfupi au umekwenda upande.

Vua bangili, pete na saa mapema, kabla uvimbe haujazidi. Egemeza mkono kwenye kipande cha boksi gumu au gazeti lililokunjwa, ufunge kwa kitambaa bila kukaza, kisha uuning'inize kwa kanga shingoni. Usimpe chakula kama mkono umepinda, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mpeleke zahanati au kituo cha afya cha karibu, nao watawaelekeza hospitali yenye eksirei.

Nawasihi sana kuhusu kiwiko. Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono. Mfupa ukivunjika hapo, kisha ukafungwa vijiti kwa kukazwa sana, damu haifiki mkononi na misuli hufa kwa saa chache. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa kwa njia za jadi, lakini kiwiko cha mtoto kianzie hospitali. Hata aliyefungwa hogo hospitalini, vidole vyake vikiwa baridi, vimepauka, vina ganzi, au maumivu yakizidi anapovinyoosha, arudishwe saa hiyohiyo. Msingoje asubuhi.

Aliyegonga kichwa, mkimwona anatapika zaidi ya mara moja, ana usingizi usio wa kawaida, anachanganyikiwa, ana degedege, au anatoka damu au maji puani au masikioni, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Aliyeungua, mwagieni maji safi yasiyo ya moto kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala yai wala asali.

Wapendwa, Nane Nane na sikukuu ni za kufurahi, na mtoto ana haki ya kuzifurahia. Bibi muuza mikeka naye ana haki ya kurudi nyumbani kwa miguu yake. Viatu vya magurudumu vingojee Jumamosi, kiwanja kikiwa kitupu na mzazi akiwa amesimama pembeni.