Nyumba za Mlimani na Haki ya Kijiji

Mtumishi wa Serikali anapokaribia umri wa kustaafu, jambo moja humkosesha usingizi kuliko mengine yote, nalo ni nyumba. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini, akahamishwa vituo vitano na kuishi katika nyumba za shule au za kupanga, ana haki ya kutaka paa lake mwenyewe. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayempinga. Makala haya yanahusu namna anavyoitafuta haki hiyo yule mwenye nafasi miongoni mwetu, ambaye hupanda hadi milima ya Upare, akanunua kipande cha ardhi mahali penye hewa baridi na mandhari ya kupendeza, akakizungushia ukuta, kisha akasimamisha humo jumba linalofunguliwa wakati wa Krismasi na kufungwa mara baada ya Mwaka Mpya.

Msafiri apitaye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huijua Same kwa jua na vumbi lake. Mji umekaa chini ya milima, upande ambao mvua haufikii kwa wingi. Lakini apandaye kwenda Vudee, Suji, Mbaga au Chome hukuta nchi nyingine kabisa: migomba, vijito, ukungu wa asubuhi, na juu ya yote msitu wa Shengena, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,460. Wamisionari wa Kijerumani waliyaona mapema mazuri hayo. Waadventista walifungua kituo chao Giti mwaka 1903, na Walutheri nao wakajenga Mbaga. Katika mashamba ya mkonge ya tambarare, nyumba ya bwana meneja ilijengwa mbali na kambi za vibarua, mahali penye upepo, nayo ikawa na baraza pana na bustani ya maua. Dar es Salaam palikuwa na Oysterbay, iliyopangwa kwa ajili ya Wazungu. Bendera ya mkoloni ilishuka mwaka 1961, lakini ile fikra kwamba mtu akipata cheo hana budi kukaa mbali na wenzake haikushuka nayo.

Na tuitazame ardhi yenyewe inayonunuliwa. Katika milima ya Upare ardhi haitengani na maji, na maji hayo yana utaratibu wake ambao wazee waliuweka kabla ya kuja kwa Mjerumani. Mto huzuiwa katika bwawa dogo liitwalo ndiva. Usiku maji hujikusanya humo. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake. Mfereji hupita katika mashamba ya watu wengi, na hakuna awezaye kusema kwamba sehemu ipitayo kwake ni mali yake peke yake. Unapoziba kwa tope, au ukingo wa ndiva unapobomoka, hupigwa msaragambo, na wote wanaonywa na bwawa hilo hutoka na majembe yao. Asiyetoka hutozwa faini au hukosa zamu yake. Kwa hiyo aliye Vudee juu na aliye Bangalala chini wamefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo inateremka hadi Makanya.

Sasa aingie mnunuzi wetu. Shamba alilouziwa lilikuwa na jukumu lake katika mfereji, lakini katika karatasi ya mauziano hakuna mstari hata mmoja unaolitaja. Msingi wa ukuta unakatiza mfereji. Bomba linavuta maji ya kijito hadi kwenye tangi, na tangi hilo linamwagilia majani yasiyoliwa na ng'ombe wala mbuzi. Siku ya msaragambo mwenye nyumba yuko ofisini Dodoma au Dar es Salaam, na mlinzi wake hajui kwamba alipaswa kutoka. Pengine mnunuzi si mtu mbaya hata kidogo. Huenda ndiye mchangaji mkubwa kuliko wote pindi zahanati inapohitaji mabati. Hata hivyo mchango wa harambee hauufungui mfereji ulioziba.

Watatokea watakaosema kwamba nyumba hizo huleta fedha vijijini. Ni kweli, fundi mwashi hupata kazi, na mwenye duka la saruji vile vile. Lakini kazi ya ujenzi huisha siku mlango wa mbele unapotiwa kufuli, na kijana ambaye baba yake aliuza shamba hubaki na kazi ya kufyeka nyasi za mnunuzi. Hatari hiyo ilitajwa zamani. Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iwe ya kumilikiwa moja kwa moja na kuuzwa kama bidhaa nyingine, Mwalimu Nyerere alijibu katika makala yake, Mali ya Taifa, kwamba katika nchi ya maskini njia hiyo ingezaa wenye ardhi wachache na wapangaji wengi. Umilikaji wa namna hiyo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Tangu hapo ardhi ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Wengi wetu tunaikumbuka kanuni hii tunapofundisha somo la uraia, tukaisahau tunapotafuta kiwanja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika mwaka 2001, iko wazi kuliko madalali wanavyotaka tuamini. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mtu asiye mkazi wa kijiji hawezi kuhamishiwa haki ya kimila bila idhini ya halmashauri, na sheria inamtazamia awe anakusudia kuishi au kufanya kazi humo. Tena, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume hawezi kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Karatasi iliyotiwa saini usiku sebuleni kwa balozi, mbele ya mashahidi wawili walionunuliwa soda, haijatimiza hata sharti moja kati ya haya. Afisa anayelipia kiinua mgongo chake chote kwa karatasi ya namna hiyo anajidhulumu yeye kwanza.

Wapare hasa hawakuzoea mambo ya mali yao yaamuliwe faraghani. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe na wachache. Ingekuwa ajabu wajukuu wao waukubali mlima ugawanywe kimya kimya kwa vile tu anayeugawa safari hii ni ndugu yetu mwenye gari.

Suala hili halitangoja. Mwezi Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji ya Nyumba ya Mungu katika miji ya Mwanga na Same, ambayo ilikuwa imeteseka kwa kiu miaka mingi. Mji ukipata maji, wanunuzi huja. Halmashauri ya wilaya ina wajibu wa kupima viwanja vya kutosha kule chini mjini, ili mwalimu anayestaafu apate nyumba yenye hati bila kuligusa shamba la mtu mlimani. Na kwa yule ambaye moyo wake uko mlimani, kwa sababu ndiko kaburi la babu yake liliko, halmashauri ya kijiji imwite mkutanoni kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Imwoneshe mfereji unapopita, na jina lake liandikwe miongoni mwa watu wa ndiva, mahali pale pale lilipokuwa jina la aliyemwuzia, pamoja na jina la mtu atakayetoka na jembe siku ambayo yeye hayupo.