Tuwape Vijana Mji

Sisi tuliokulia katika vyuo vya Kurani tukisikia dadu ikigonga meza, moyo hushtuka. Wangu ulishtuka Jumamosi moja mjini Machakos, nilipobisha hodi kwa mpwa wangu ambaye ni mwalimu huko, nikakuta vijana watano wameizunguka meza. Juu yake palikuwa na karatasi, penseli, ramani iliyochorwa kwa mkono, na dadu za namna nisiyopata kuiona: moja ina pande nne, nyingine nane, nyingine ishirini.

"Karibu, Mjomba," akasema mpwa wangu, kwani aliuona uso wangu. "Hapa hapachezwi pesa."

Nikaketi kando nikatazama. Hukumu yangu nikaiweka mfukoni kwanza.

Mchezo huo waitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliozoea kucheza vita kwa visanamu vya askari. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Jambo walilolibadili ni hili: badala ya mchezaji kuamrisha jeshi zima, huwa ni mtu mmoja. Mtu huyo hupimwa kwa mambo sita, yaani nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na haiba, na alama zake huandikwa karatasini. Mwenzao mmoja huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali walipo, pango au soko, kisha huuliza, "Mwafanya nini?" Kila mmoja hunena atakalo. Panapokuwa na shaka, hurushwa dadu ya pande ishirini; alama zikitosha, jambo limekuwa, zisipotosha limeshindikana. Hakuna mshindi wala mshinde, na kisa kimoja chaweza kuendelea kwa miezi.

Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyojiona niko nyumbani. Utotoni, baada ya chakula cha usiku, tulikuwa tukitegeana vitendawili. Aliyeshindwa kutegua aliambiwa, "Nipe mji." Akitoa Lamu au Unguja, mwenye kitendawili huupokea mji huo, akasafiri kwa maneno, akatueleza alivyolakiwa na alivyokula, ndipo akatupa jibu. Mji ule hakuufikia kwa jahazi wala kwa motokaa. Aliufikia kwa ulimi. Je, safari ile na hii ya mezani si ndugu?

Tena wageni hao wenyewe walichota kisimani mwetu. Katika vitabu vya mwaka ule wa 1974, miongoni mwa viumbe wa kuogofya, wamo jini, afriti na yule ndege rukhi wa safari za Sindbad.

Najua wako watakaosema huu ni mlango wa shetani. Hata Marekani, katika miaka ya 1980, wazazi na wahubiri kadhaa waliushutumu mchezo huu kwa maneno hayo hayo. Nasi hofu ya aina hiyo si ngeni kwetu: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza madai ya ibada ya shetani humu nchini. Lakini mtu kusimulia habari za zimwi si kuliabudu zimwi. Kama ingekuwa hivyo, bibi zetu wote wangalikuwa hatarini, na bibi za Wakamba pia, waliowasimulia wajukuu wao habari za aimu.

Ama kuhusu dadu, mimi si mufti. Kamari ni haramu, hilo halina mjadala. Na wako wanazuoni wengi wanaoikataa dadu hata pasipo fedha. Asiyetaka kuishika asishike. Njia nyingine ipo, nami niliijaribu.

Lililoniuma mimi halikuwa shetani wala dadu. Vijana wale, watoto wa mji uliopewa jina la Masaku, mzee wa Kikamba, walikuwa wakicheza kwa Kiingereza kitupu, wakiranda katika ngome za Ulaya na misitu yenye theluji. Nilipouliza sababu, mmoja akanijibu kwa adabu, "Mzee, vitabu tulivyopata ni vya Kiingereza."

Nikaomba kiti cha msimulizi. Nikawaambia, "Dadu ziwekeni kando. Palipo na shaka nitatega kitendawili, ukitegua, umefaulu. Ukishindwa, nipe mji. Nyinyi ni marafiki wa Fumo Liyongo. Amefungwa pingu gerezani Pate. Anayo tupa, lakini akianza kukata minyororo, walinzi watasikia. Mwafanya nini?"

Kijana wa kwanza akasema atawavamia walinzi. Nikamtegea kitendawili, akashindwa, akanipa Kangundo. Nikaenda Kangundo nikala nikashiba, naye akatiwa ndani. Wakacheka sana. Kisha binti mmoja, ambaye tangu niingie hakuwa amesema maneno kumi, akanena taratibu: "Mimi nakuja na ngoma za kilumi za nyanya yangu. Twapiga nje ya gereza mpaka asubuhi. Nani atasikia tupa?"

Nilinyamaza kidogo. Kwani katika kisa chenyewe, kama kilivyopokewa pwani, Liyongo alitaka ipigwe ngoma ya gungu ili mlio wa tupa usisikike. Binti yule kisa hicho hakukijua. Alikifikia mwenyewe, kwa Kiswahili, na kwa ngoma ya kwao. Katika karne ya 19 Wakamba walishuka pwani na pembe za ndovu. Usiku ule mmoja wao alishuka na ngoma, akamfungua shujaa wetu.

Basi nasema: tusiwapige marufuku vijana hawa. Washairi, walimu, nanyi wazee mnaojua visa, ketini nao japo usiku mmoja, muwape Liyongo, muwape aimu, muwape misafara ya pembe. Wametutegea kitendawili, nasi hatukukitegua. Badala yake tumekuwa tukikaripia. Kanuni ya mchezo twaijua tangu utotoni. Aliyeshindwa hutoa mji. Tuwape, na uwe mji wetu.