Android Ikija Kwa Laptopu, Windows Inaweza Kutetemeka. Shida Ni Google.

Wasee, tumalize hii maneno leo. Kila Google wakitaja ule mfumo wao wa kuchanganya Android na ChromeOS, watu wanagawanyika kama siku ya derby. Kuna wale wanasema Windows imekufa, tutafute tu mahali pa kuizika. Halafu kuna wazee wa busara wa miaka 22 wanakuambia, "Buda, simu ni simu, kompyuta ni kompyuta." Mimi siko na yeyote kati yao. Nasema hivi: mfumo chotara unaweza kabisa kuchukua kazi ya Windows hapa kwetu. Na ukishindwa, atakayeuua ni Google mwenyewe. Microsoft hatahitaji hata kuinua kidole.

Kwanza tuweke mambo wazi. Septemba 2025, kwenye mkutano wa Qualcomm huko Hawaii, Rick Osterloh wa Google alisimama jukwaani akasema wanajenga msingi mmoja wa simu na kompyuta. Cristiano Amon, bosi wa Qualcomm, akadakia kwamba yeye ameshauona na ni moto. Sawa, jamaa anauza chipu, ulitaka aseme nini? Lakini watu walishangilia kama wazo limezaliwa siku hiyo, na hapo ndipo mimi huchoka.

Hili wazo ni kaburi lenye majina mengi. Mwaka 2011 Motorola walitoa Atrix, simu unayoichomeka nyuma ya kitu kama laptopu tupu, ikakuwa kompyuta. Haikuenda popote. 2012 Microsoft wenyewe wakatoa Windows 8, wakaondoa kile kitufe cha Start na kujaza skrini vigae vya kugusa, ati mfumo mmoja wa tableti na kompyuta. Watu walikasirika, na zile tableti zao za Surface RT zikawalazimisha kufuta dola milioni 900 kwenye vitabu vyao 2013. Mwaka huohuo, Canonical wa Ubuntu wakaomba mashabiki wachange dola milioni 32 watengeneze simu inayogeuka kompyuta. Wakapata karibu milioni 13, mpango ukafa, na 2017 wakaachana na hiyo ndoto kabisa. Kulikuwa pia na Remix OS, Android ya kompyuta iliyotengenezwa na watu waliotoka Google. Nayo 2017 hiyohiyo ikazimwa.

Mzee wa busara sasa ananiangalia akicheka. Unaona? Si nilikuambia?

Ngoja. Zote hizo zilikuwa zinaenda kwa mtu ambaye tayari ana kompyuta, zinamwambia aitupe. Nani atatupa kitu kinachofanya kazi ndio apate kitu kinachofanya nusu ya kazi? Lakini angalia sisi. Kompyuta ya kwanza ya msee wa rika langu ilikuwa Tecno ama Infinix yenye kioo kimepasuka kwa kona. Tulijifunza kuchapa kwa WhatsApp. Noti za chuo tunasoma PDF kwa simu. Pesa iko M-Pesa. Video zangu za mwaka wa kwanza wote nilikata kwa CapCut nikiwa nimelala kitandani, simu ikichemka kama chapati. Halafu unafika maabara ya kompyuta unaambiwa hii ndiyo kompyuta halisi, na faili zako ziko C. Kwani A na B zilienda wapi? (Zilikuwa za diski laini. Hakuna mtu darasani aliyewahi kuziona, lakini mashine bado inawaheshimu marehemu.)

Kwa hivyo yule anayesema watu hawawezi kuzoea Android kwa kibodi na kipanya anaangalia upande usiofaa. Sisi ndio tunalazimishwa kuzoea Windows. Hii ni faida ambayo Motorola hawakuwa nayo 2011.

Na kuna faida nyingine ambayo mapitio ya Marekani hayaiongelei kabisa, kwa sababu kwao waifai ni kama hewa. ChromeOS ilipoanza, mashine za kwanza zikiuzwa 2011, ilikuwa kivinjari chenye kibodi. Bila intaneti ulikuwa umebeba sahani. Ndiyo maana ilitamba kwa shule za Marekani, ambako mtandao hauzimwi, ikapita mbali na sisi tunaonunua bando la saa moja. Android imelelewa kwingine. Apu inakaa ndani ya simu, inafanya kazi bando likiisha, inasubiri, ukipata mtandao inatuma. Ukiniuliza ni mfumo gani umezoea maisha ya Kayole na Kisauni, si ule uliozaliwa ukitegemea intaneti ya ofisi.

Sasa tuje kwa ukuta wenyewe, na hapa nataka tukae kidogo.

Windows haipendwi. Hakuna mtu ameamka asubuhi akasema nashukuru kwa masasisho. Nguvu ya Windows ni kwamba programu ambayo mhasibu alinunua miaka kumi iliyopita bado inafunguka leo. Ukienda attachment kwa ofisi ya wahasibu utakuta QuickBooks ya mezani. Ukienda kwa mainjinia utakuta AutoCAD kamili, ile nzito, si ile ya kuangalia michoro kwa simu. Na mfano unaouma kabisa: ile fomu ya Excel ya iTax, inayokuambia uwashe makro kabla ya kujaza chochote. Excel ya Android inaweza kukufungulia faili, lakini makro haziendeshi. Yaani una kompyuta mpya kabisa, inang'aa, betri inakaa siku nzima, na Juni 30 bado uko kwa foleni ya saiba kulipa mtu awashe makro.

Mtu aniambie mfumo chotara ni mzuri, mimi namuuliza hiyo moja tu. Makro zitaendeshwa na nani?

Na usinijibu kwamba kila kitu kinahamia kwa kivinjari. Kinahamia, ndiyo, polepole, kwa kasi ya mtu ambaye kodi yake ya nyumba haitegemei kuhama huko. Anayeumia ni yule anayetafuta kazi sasa hivi.

Kuna kampuni moja iliyoelewa huu ukuta: Valve, wale wa michezo. Steam Deck yao ya 2022 inatumia Linux, na michezo mingi iliyo ndani iliandikwa kwa ajili ya Windows. Hawakuwaomba watengenezaji waandike upya. Walitengeneza Proton, safu ya kutafsiri, mchezo wa Windows ukafunguka bila kujua uko kwa nyumba ya jirani. Waliingia na mizigo ya adui mgongoni. Google wakitaka kushinda ofisi, wafanye hivyo kwa programu za ofisi. Kama hawataki, basi wakubali wanatengeneza tableti yenye kibodi na wapunguze kelele jukwaani.

Cha kuchekesha ni kwamba Microsoft naye alishika silaha hii kwa upande wa pili na akaiweka chini. Windows 11 ilikuja na ahadi ya kuendesha apu za Android ndani ya laptopu. Machi 2025 wakakata msaada wake. Mlango wa watu waliokulia kwa simu ulikuwa mikononi mwao, wakaufunga wenyewe.

Hapo Google walipaswa kupita wakikimbia. Kwa nini nasema watajiua?

Nenda Luthuli uangalie laptopu ambazo wanafunzi wananunua. Ni zile zilizotumika, ex-UK, Core i5 ya kizazi cha sita ama cha saba, HP na Lenovo zilizochoka ofisini Ulaya. Oktoba 14, 2025, Microsoft walimaliza msaada wa bure wa Windows 10 kwa watu wengi, na kwa hesabu zao rasmi karibu hizo mashine zote hazifai Windows 11. Kwamba prosesa ni ya zamani. Mashine inafanya kazi vizuri, lakini haitakiwi. Hujawahi kuona mlango ukiachwa wazi namna hiyo.

Google wana kitu cha kuweka hapo. Kinaitwa ChromeOS Flex, kilitoka 2022, ni bure, unakiweka kwa laptopu yako kuukuu. Na je, kina apu za Android? Hapana. Hakina Google Play. Kile kitu kimoja ambacho kingefanya msee wa kwetu akipende, wamekiacha nje, wakakiwekea wale wanaonunua mashine mpya. Hiyo ni roho mbaya tu, ama uvivu, chagua wewe.

Na hata hizo mpya zina kalenda. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho. 2023 Google walitangaza itakuwa miaka kumi, na nawapongeza kwa hilo, lakini hiyo miaka inahesabiwa kuanzia muundo wa mashine ulipotoka, si siku wewe ulipolipa. Msee tuliyesoma naye alinunua Chromebook ndogo ya mtumba kwa bei ya kuvutia, muuzaji akaapa ni mpya kabisa kwa ndani. Ilikuwa imepita tarehe tayari. Kivinjari chake hakisasishwi tena, na kadiri miezi inavyokwenda kurasa zinaanza kumkataa moja baada ya nyingine. Muuzaji akamwambia ni shida ya mtandao.

Halafu ongeza historia. Hii ni kampuni iliyozima Google+, ikazima Inbox, ikazima Stadia Januari 2023 baada ya kuapa wako sana. Mwenye saiba anayefikiria kuhamisha mashine zake sita anajua hizo hadithi. Windows inaudhi lakini haijawahi kumwacha kwa barua pepe.

Kuna wale wataniambia, tulia, tutachomeka simu zetu kwa TV na mambo yataisha. Samsung wana DeX tangu 2017, ni kweli, na nimeitumia kwa simu ya mtu, ni tamu. Lakini inakaa hasa kwa simu za bei ya juu. Tundu la USB-C la simu nyingi tunazobeba sisi ni la chaji na faili tu, halitoi picha kabisa. Hakuna sasisho la programu litakalobadilisha hilo, waya haupo ndani.

Kwa hivyo mimi nitaangalia mambo mawili wakifungua boksi, na betri si moja yao. Flex ikipewa Google Play, ama huu mfumo mpya ukiruhusiwa kuwekwa kwa i5 ya kizazi cha sita bila vita, nitarudi hapa kuwaambia mfomati. Na kama ni mashine mpya pekee, bei ya laptopu nzuri, makro haziwaki na tarehe ya kufa imeandikwa chini, basi hiyo waiuze huko Hawaii.